Nyota Iliyopita Saa ya Chai

Nimestaafu. Idara imenipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi, na keki ambayo mkuu wa idara aliikata mwenyewe huku akinisifu kwa "umakini usio na doa". Makofi yakapigwa. Baadaye mafundi wapya wa maabara wakaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, wazitie kwenye faili la kumkaribisha mgeni. Waliomba maneno ya busara. Nitawapa yaliyotokea, na ndani yake kuna ng'ombe.

Vyeo sitavizungumzia. Barua zangu zote za kupandishwa cheo zinatosha kwenye bahasha moja, na bado kuna nafasi ya kutia picha ya pasipoti.

Nilifika Eldoret kutoka pande za Ziwa nikiwa na cheti cha elektroniki na sweta moja nyepesi. Asubuhi ya kwanza baridi ilinieleza kwamba sweta ile ilikuwa mapambo tu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa West Indies, kwa hiyo nilitembea hadi kazini huku meno yakigongana, nikaripoti maabara ya fizikia ya chuo kikuu. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi yangu itakuwa kusikiliza mbingu. Ningeambiwa, ningerudi nyumbani kwanza kumwuliza mama kama hiyo ni kazi au ni dhehebu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu mfupi mwenye vidole vilivyojaa makovu ya chuma cha lehemu. Hakunikaribisha kwa hotuba. Alinisukumia redio kuukuu mezani, akaigeuza mpaka ikawa katikati ya stesheni, mahali penye mvumo tu.

"Unasikia nini?"

"Kelele, Mzee."

"Ya nani?"

Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kuniuliza kelele ni ya nani.

"Ingine ni ya hii redio yenyewe," akasema. "Ingine ni ya huyo jamaa wa welding hapo nje. Na kidogo, kidogo sana, inatoka huko juu kwa nyota. Kazi yako ni kujua gani ni ya nani. Kazi ingine sina ya kukupatia."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amenifundisha somo lote la falaki ya redio kabla ya saa nne asubuhi, na miaka yote iliyofuata ilikuwa marudio.

Kwa wale mliofika jana, mambo ni haya. Jua, nyota na mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota hutoa mawimbi ya redio, jinsi yanavyotoa mwanga, ila macho yetu hayakuumbiwa kuyaona. Gesi ya haidrojeni, ambayo imejaa katika galaksi yetu, hutoa wimbi lenye urefu wa shubiri moja hivi. Dishi huyakusanya mawimbi hayo na kuyarudisha kwenye mdomo wa antena ulioning'inia mbele yake. Kutoka hapo kuna kipaza nguvu, kwa maana kinachofika ni hafifu kama mnong'ono kwenye harusi, kisha kuna kipokezi, na mwisho kompyuta inayochora mstari. Mstari ukipanda, kuna kitu juu. Ndiyo hivyo. Wageni wakifika hutafuta tundu la kuchungulia. Hakuna tundu. Unachungulia mstari, na mstari hauna sura.

Kabla ya kupima anga, elekeza mdomo wa antena ardhini na uandike unachopata. Ardhi ina joto, na kitu chenye joto hutoa mawimbi ya redio. Halafu elekeza anga tupu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo mizani yako. Mzee Wafula alikuwa akisema asiyepima ardhi hajapima mbingu, na akisema hivyo alikuwa anamtazama mwalimu fulani ambaye hakuwahi kupima chochote.

Dishi hatukuwa nalo wakati huo. Tulikuwa na nyaya mbili zilizotandazwa juu ya miti ya mkaratusi nyuma ya maabara, za kusikiliza milipuko ya Jua. Mwezi wa kwanza niliona kwenye karatasi badiliko la ajabu, linalokuja kila Jumatano na kuondoka Alhamisi. Nililinakili kwa kalamu nyekundu. Mzee Wafula aliliangalia, akanishika mkono, akanipeleka nje, akanionyesha shati na suruali mbili za askari wa lango zilizoanikwa juu ya waya wetu. Jumatano ndiyo ilikuwa siku yake ya kufua.

"Usilaumu mbingu kabla hujazunguka nyumba," akaniambia. Askari alikasirika kidogo kwa sababu suruali ilikuwa haijakauka.

Tangu hapo nilipata sifa ya kuwa mtu wa nyota. Majirani wa mtaa wa Kapsoya, nilikohamia baadaye, waliniletea madishi ya televisheni wakidhani naweza kuwapatia chaneli za mpira bila kulipia. Mchungaji aliniuliza kwa upole kama tumewahi kusikia kuimba. Nilimjibu kwamba kufikia sasa tumesikia Jua na mashine za welding, naye akaniombea.

Dishi lilikuja pale kampuni moja ya simu ilipolitupa. Upana wake ulikuwa kama hatua tano ndefu, lina kutu kiunoni na kiota cha ndege mdomoni. Mjini halingefaa kitu, maana mji ni kelele kuanzia simu hadi pikipiki. Tulitafuta mahali patulivu, tukapata Ainabkoi, kwenye shamba la Mzee Birgen, mfugaji na mzee wa kanisa, aliyetupa kona iliyoinama nyuma ya kilima. Kilima kiliziba minara ya simu. Mzee Birgen alisema hana haja na kona ile, na kwamba dishi litamsaidia kuwaelekeza wageni nyumbani kwake.

Mota ya kuligeuza ilikufa mwaka wa kwanza. Msisikitike. Dishi lililotazama juu bila kusogea bado linafanya kazi, kwa sababu Dunia inazunguka na kulipitishia anga kipande kwa kipande. Mawingu hayasumbui, mchana hausumbui. Wenzetu wenye darubini za vioo walikuwa wakilalamikia mvua, sisi tukiwa tunakula mahindi choma na mstari unajichora. Kuna jambo moja tu la kukumbuka: saa ya ukutani hufuata Jua, si nyota. Kwa hiyo kitu cha kweli cha angani hupita juu ya dishi dakika nne hivi mapema kuliko jana. Kikija saa ile ile kila siku, basi ni cha binadamu. Hilo ndilo jaribio letu la kwanza, na lilikuwa halijawahi kutudanganya.

Mzee Wafula akastaafu, akaniachia vyombo vyake na daftari la kelele. Daftari hilo lina sheria moja. Kila Jumatatu fundi anazunguka kituo chote cha Ainabkoi kwa miguu, ameshika redio ndogo, anasikiliza mlio wowote usio wa kawaida, kisha anaandika alichosikia na kutia sahihi. Miaka mingi nilizunguka. Kisha goti langu likaanza kuleta siasa, na kile kilima kikawa kinapanda kila wiki. Nikaanza kuzunguka nusu. Halafu nikaanza kuketi kwenye kibanda cha kipokezi, nikafungua daftari na kuandika "kimya". Niliandika "kimya" kwa mwandiko mzuri sana.

Wakati huo alikuwa amekuja Dkt. Rono. Alikuwa kijana wa hapa hapa Uasin Gishu, mtoto wa mwalimu, aliyesoma mbali na kurudi, jambo ambalo wengi walilichukulia kama dalili ya ugonjwa. Idara ilimpa mkataba wa muda. Kamati ingekuja kukagua kazi ya dishi, na ikiridhika, angeajiriwa kabisa. Isiporidhika, njia ni nyeupe. Alikuwa ananiita Mama, ananibebea betri, na alipima ardhi kabla ya anga bila kuambiwa. Nilimpenda kama mwanangu. Nasema hivyo mapema ili msiseme baadaye kwamba nilimchukia.

Wiki tatu kabla ya kamati, mashine ya fensi ya stima ya Mzee Birgen iliharibika. Mnaijua: kisanduku kinachotumia betri ya gari, kinarusha stima kwenye waya kwa mpigo, mmoja kila baada ya sekunde moja na kitu, ili ng'ombe wajue mpaka. Mzee aliniita niitazame. Niliifungua, nikabadilisha kifaa kilichoungua, ikaanza kupiga. Kibano cha kuunganisha waya kilikuwa kimevunjika, nikausokota kwa koleo. Kwa upande wa ardhi nikachomeka kipande kifupi cha chuma, kwa mkono, kwa sababu ya goti. Kazi ya dakika ishirini. Mzee alinipa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, nikarudi nikijisikia mhandisi. Fundi yeyote mwenye akili anajua kwamba kiungo kilicholegea hutoa cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio. Mimi pia nilijua. Nilijua kwa kichwa. Mkono ulikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata Dkt. Rono aliingia maabara akitembea kwa vidole, kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, kuja uone hii kitu."

Kwenye mstari kulikuwa na mapigo, yamepangika vizuri, kila moja baada ya sekunde moja na kitu, kwa muda wa dakika kumi hivi asubuhi. Halafu kimya.

"Ni pulsar," akanong'ona.

Pulsa ni masalio ya nyota kubwa iliyokufa, inazunguka kwa kasi na kila inapotugeukia inarusha mpigo wa redio. Zipo, na mapigo yake unaweza kuyahesabu kwa saa. Ila dishi letu lilikuwa dogo. Nyota ya kuonekana kwa dishi kama lile ingekuwa imeshaonekana na kila mtu mwenye waya na subira. Hilo tulilijua sote wawili. Matumaini hayasomi fizikia.

"Tungoje wiki," nikasema. "Tuone kama inakuja mapema."

Tukangoja. Siku ya pili ilikuja mapema kwa dakika tatu. Siku ya tatu, dakika nne zaidi. Siku ya nne, tano. Kufikia Jumapili ilikuwa imejongea karibu nusu saa, sawasawa na inavyotakiwa kitu cha angani. Dkt. Rono alicheka peke yake korido nzima. Aliniuliza kama daftari lina kelele yoyote ya karibu. Nilimfungulia. Kimya, kimya, kimya, na sahihi yangu chini yake kila Jumatatu.

Akawaandikia wanakamati kwamba Ijumaa atawaonyesha jambo.

Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda Ainabkoi kupeleka betri, na Mzee Birgen akanikaribisha jikoni. Ng'ombe walikuwa wametoka kukamuliwa, wamefungiwa kwenye uwanja mdogo kando ya kituo wakilamba chumvi. Mzee alikuwa na kikombe cha chai, na juu ya kabati redio yake ilikuwa inatoa nyimbo za kwaya. Ndani ya kwaya nikasikia: tik. Kisha tik. Kisha tik. Nikaangalia saa yangu ya mkononi nikihesabu: sekunde moja na kitu.

"Hiyo ni machine yako, Mama," Mzee akasema kwa furaha. "Inapiga kabisa. Nikikunywa chai naiwasha, hawa ng'ombe wasiingie kwa viazi ya jirani. Nikimaliza nazima, battery isiishe, nawapeleka huko chini."

"Unakunywa chai saa ngapi, Mzee?"

"Nikimaliza kukamua tu. Lakini siku hizi namaliza mapema. Hawa wamekaribia kuzaa, wanakauka mmoja mmoja. Maziwa inapungua, na mimi nawahi chai."

Basi hapo ndipo ilipokuwa nyota yetu. Ng'ombe walikuwa wanakauka kwa mwendo wa mbingu. Wanasayansi wote duniani wakikaa kikao kutafuta namna ya kudanganya jaribio letu, wasingefikiria mimba za ng'ombe wa Ainabkoi.

Nilirudi mjini nikamwambia Dkt. Rono. Nilimwambia ni fensi. Nilimwambia habari ya chai na ya maziwa. Sikumwambia nani aliitengeneza mashine, wala kwamba daftari lilijazwa na mtu aliyeketi. Nilijiambia kwamba hayo si ya sayansi.

"Mama, unanitania."

"Twende kesho upime mwenyewe."

Alhamisi asubuhi alikaa kibandani na kompyuta, mimi na Mzee tukasimama kwenye mashine. Simu zilikuwa zimezimwa kama sheria inavyotaka, kwa hiyo tuliwasiliana kwa njia ya mababu.

"Zima!" akapiga kelele. Mzee akazima.

"Washa!"

Mara tatu. Zamu ya tatu alisahau kusema washa, na ng'ombe wawili wakavuka hadi kwenye viazi vya jirani, nikawafuata nikichechemea na fimbo. Niliporudi Dkt. Rono alikuwa ametoka kibandani, amesimama na Mzee, macho yake chini.

"Sawa," akasema. "Ni fence."

Ijumaa wanakamati walikuja. Angeweza kuahirisha. Angeweza kusema kipokezi kimeharibika. Nusu ya ripoti za idara zimejengwa juu ya sentensi hiyo. Badala yake alisimama akawaonyesha mapigo, akawaeleza chai na ng'ombe, na watu wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha mwenyekiti akaacha kucheka.

"Ukaguzi wa kelele za karibu ni jukumu la nani?"

Sheria inasema ni la fundi. Nilikuwa safu ya tatu, karibu na chupa za chai, na mdomo wangu ulikuwa mtupu. Sikuwa hata na andazi la kunizuia kusema.

"Project ni yangu," Dkt. Rono akasema. "Ukaguzi ulikuwa wangu. Sikuufanya vizuri."

Wakaandika. Ripoti yao ina maneno "uzembe wa mtafiti mkuu". Mkataba haukuongezwa. Mwezi uliofuata alibeba vitabu vyake kwa maboksi mawili, akaenda kufundisha fizikia sekondari moja upande wa Turbo. Kamati, ili ionekane inajali, ilitengeneza mota ya dishi. Linageuka vizuri sana sasa. Mimi nilirudi kuzunguka kila Jumatatu, goti au si goti, na nilichosikia nikakiandika. Nilikuwa mwaminifu ajabu baada ya mtu mwingine kulipa. Miaka miwili nikafanya hivyo, mpaka ile siku ya keki.

Yale maneno ya mkuu wa idara yalinikaa kooni wiki nzima. Jumamosi nikaenda Turbo. Nilimkuta Dkt. Rono chini ya paa la chumba cha walimu akisahihisha mitihani, amenenepa kidogo. Aliruka kunipa kiti. Nilikataa kuketi.

"Daktari, ile mashine ya Mzee Birgen ni mimi niliitengeneza. Vibaya. Na lile daftari nililijaza nikiwa nimeketi kibandani."

"Najua, Mama."

"Ulijua lini?"

"Hiyo Alhamisi. Ukienda kufuata ng'ombe kwa viazi, Mzee aliniambia vile ulimsaidia. Alikuwa anakusifu."

"Na bado ukasema ni wewe?"

Akaweka kalamu chini. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nilisema hivyo halafu nikakuangalia, Mama. Nilidhani utasimama."

Nililia mbele ya rundo la mitihani ya kidato cha pili. Alinipa leso, akaniuliza hali ya goti.

Jumatatu nilipeleka barua kwa mkuu wa idara. Alisema faili lilishafungwa, kwamba mimi ni mstaafu, nipumzike, tusifukue mambo. Nilimwambia nina muda mwingi kuliko yeye, na nikasimama kaunta ya karani mpaka barua ikagongwa muhuri na kutiwa mbele ya ile ripoti. Nakala nimeiambatisha hapa, mwisho wa kurasa mlizoniomba. Ni fupi. Inasema: Mashine niliitengeneza mimi. Daftari nililijaza mimi. Dkt. Rono alisema uongo mmoja tu mbele ya kamati, na mimi nikiwa nimeketi safu ya tatu, nikauacha upite.